"Si Wapite Kwingine?": Nchi Zisizo na Bahari na Kazi ya Kutafuta Mlango wa Pili

Mpaka ukifungwa ghafla, swali la kwanza huwa lilelile: kwani lazima wapite hapo? Si wapite kwingine? Liliulizwa mwaka 2023, Niger ilipofungiwa mipaka na baadhi ya majirani zake baada ya mapinduzi. Likaulizwa tena Oktoba 2025, majeshi ya Afghanistan na Pakistan yalipopigana na malori yakakwama pande zote mbili za mpaka. Huulizwa pia kila bomba la mafuta la Kazakhstan linapotajwa kwenye habari za vita ya Urusi na Ukraine.

Swali ni la haki, na anayeuliza hajakosea kudhani kwamba njia nyingine ipo. Kwenye ramani karibu kila mara ipo. Lakini mstari wa kwenye ramani haubebi mzigo. Kuna kazi kubwa ya kuugeuza mstari huo kuwa njia, na kazi hiyo huchukua miaka, ilhali mgogoro huingia kwa usiku mmoja.

Maneno kwanza

Nchi isiyo na bahari ni nchi ambayo hakuna kipande cha ardhi yake kinachogusa bahari kuu au bahari iliyoungana nayo. Ndiyo maana Kazakhstan na Turkmenistan zimo kwenye kundi hili ingawa zina bandari kwenye Bahari ya Kaspi. Kaspi imezingirwa na nchi kavu, na meli haitoki humo kwenda baharini ila kwa mito na mifereji ya Urusi. Duniani nchi za namna hii ni zaidi ya 40. Umoja wa Mataifa una orodha ya zile zinazoendelea, nazo ni 32, na nusu yake kamili, yaani 16, ziko Afrika. Mbili, Uzbekistan na Liechtenstein, zimefungiwa mara mbili: hata majirani zao wote hawana bahari.

Nchi ya kupitia ni jirani ambaye ardhi yake lazima ikanyagwe ili kufika pwani. Mzigo wa kupita, ambao watu wa forodha na wa malori huuita transiti, ni mzigo ulioshuka katika bandari ya nchi moja ilhali mwenyewe yuko nchi nyingine. Ushoroba ni njia nzima ya mzigo huo kuanzia gatini hadi kwenye ghala la mwenye mali: bandari, reli, barabara, mizani, mpaka, pamoja na makubaliano yanayouruhusu utembee. Na kutawanya njia, ambako ndiko tunakozungumzia hapa, ni kuhakikisha kwamba nchi haitegemei ushoroba mmoja wala jirani mmoja.

Fikiria nyumba iliyojengwa kwenye kiwanja cha ndani. Barabara inaonekana, lakini ili uifikie lazima ukatize ua wa jirani. Mkielewana, hata hukumbuki kwamba unapita kwa mtu. Siku mkigombana, geti linafungwa. Na ipo hali ya tatu ambayo wengi huisahau: hujagombana na mtu, ila kwa jirani kumewaka moto, na wewe huna pa kutokea. Uganda na Rwanda zilionja hali hiyo mwanzoni mwa mwaka 2008. Ghasia za baada ya uchaguzi zilikuwa Kenya, reli iling'olewa Kenya, lakini vituo vya mafuta vilivyokauka vilikuwa pia Kampala na Kigali.

Safari ya kontena moja

Ili kuelewa kwa nini njia haihamishwi kwa siku moja, tufuate kontena moja tu.

Linashushwa melini. Kwa kuwa si mali ya nchi hii, halilipiwi ushuru hapa. Lakini forodha inataka uhakika kwamba halitafunguliwa njiani na bidhaa zikauzwa kimyakimya bila kodi. Kwa hiyo wakala wa forodha anaweka dhamana, yaani ahadi ya benki au ya kampuni ya bima kwamba kontena likipotea njiani, ushuru wote utalipwa. Kisha kontena linapigwa lakiri, na siku hizi mara nyingi ni lakiri yenye kifaa cha kielektroniki kinachoonyesha lilipo. Lori liwe na bima inayotambulika nchi zote litakazopita. Uzito wake usizidi kiwango cha nchi ya kwanza wala cha pili, na viwango hivyo havifanani kila mara. Mpakani lakiri inakaguliwa na dhamana ya kwanza inafungwa. Kama kuna nchi ya tatu, nyaraka zinaanza upya.

Sasa lihamishie kontena hilo bandari nyingine. Wakala hana ofisi huko. Dhamana yake haitambuliki. Kreni zipo chache na zina foleni yake. Barabara ya upande huo ilijengwa kwa malori mepesi. Meli zinatia nanga mara moja moja kwa kuwa mzigo ni haba, na mzigo ni haba kwa kuwa meli zinatia nanga mara moja moja. Njia nyingi za pili hufia kwenye mduara huu, zikiwa zimeshazinduliwa na utepe umeshakatwa.

Hapo pia ndipo inapoanguka dhana ya kwanza potofu, kwamba tatizo la nchi hizi ni umbali. Umbali unachangia, lakini lori linalosimama siku tatu mpakani limepoteza muda ambao lingeshatembea kilomita elfu moja na zaidi. Ndiyo maana mageuzi mengine makubwa huwa hayaonekani kwenye ramani kabisa. Chirundu, kati ya Zambia na Zimbabwe, kituo cha pamoja cha mpakani kilifunguliwa Desemba 2009: badala ya lori kukaguliwa upande huu kisha kukaguliwa tena ng'ambo, maofisa wa nchi zote mbili wanakaa jengo moja. Mto ni uleule na daraja ni lilelile, kilichopungua ni kusimama.

"Si kuna sheria ya kimataifa?"

Ipo, na ni ya zamani. Mkataba wa Barcelona wa mwaka 1921 ulizungumzia uhuru wa kupita. Kanuni za biashara za dunia, zile za GATT za mwaka 1947, zina kifungu kizima juu yake, cha 5. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 umetenga sehemu nzima, vifungu vya 124 hadi 132, kwa ajili ya nchi zisizo na bahari. Unazipa haki ya kufika baharini na kurudi, na unakataza mzigo wa kupita kutozwa ushuru wa forodha. Kinachoruhusiwa ni malipo ya huduma tu.

Lakini soma kifungu cha 125 mpaka mwisho. Baada ya kutaja haki, kinasema masharti ya kupita yatakubaliwa kati ya nchi husika, na kwamba nchi ya kupitia ina haki ya kulinda maslahi yake halali. Kwa maneno mengine, sheria inakwambia una haki ya kukatiza ua wa jirani, kisha inakutuma kwa jirani huyohuyo mkapatane saa za kupita na aina ya mzigo. Mkikosa kupatana, hakuna askari wa dunia atakayekuja kufungua geti.

Bolivia inalijua hili kwa undani. Ilipoteza pwani yake kwa Chile katika vita iliyoanza mwaka 1879, na mkataba wa mwaka 1904 ukaipa uhuru wa kupitisha bidhaa katika bandari za Chile. Ilipokwenda Mahakama ya Kimataifa ya Haki kuomba Chile ilazimishwe kujadiliana nayo juu ya kurudi baharini, majaji 12 kati ya 15 waliamua, Oktoba 2018, kwamba Chile haina wajibu huo. Bolivia imebaki na haki ya kupita, na pamoja nayo imeendelea kutafuta milango mingine: bandari ya Ilo nchini Peru, na njia ya mito ya Paraguay na Paraná kuelekea Atlantiki.

Zambia, darasa la miaka mingi

Anayetaka kujua kutawanya njia kunagharimu nini hasa, aitazame Zambia.

Ilipopata uhuru Oktoba 1964, karibu kila kitu chake kilielekea kusini. Shaba ilipita kwenye reli ya Rhodesia, Zimbabwe ya leo, kwenda bandari za Msumbiji. Makaa ya mawe yalitoka Wankie, ndani ya Rhodesia. Mafuta yalipita hukohuko. Hata mitambo ya umeme ya bwawa la Kariba, mali ya nchi zote mbili, ilikuwa ukingo wa kusini. Kisha tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia wakiongozwa na Ian Smith wakajitangazia uhuru wao, Uingereza ikawawekea vikwazo vya mafuta, na Rhodesia nayo ikakata mafuta yaliyokuwa yakienda Zambia. Nchi yenye mwaka mmoja tu wa uhuru ikajikuta inaletewa mafuta kwa ndege, ndani ya mapipa.

Hebu tulia na picha hiyo ya mapipa. Wengi hudhani ndege ni suluhisho: bahari haipo, basi anga ipo. Anga hufaa kwa dawa, maua, vipuri na dhahabu, vitu vyepesi vyenye thamani kubwa. Mafuta, saruji, mbolea na shaba havisafirishwi kwa ndege ila siku nchi imekabwa koo, na hata siku hiyo ni kwa muda mfupi.

Wakati ndege zikishusha mapipa, malori yalikuwa yakihangaika kwenye barabara ya vumbi na tope ya kwenda Dar es Salaam, barabara ambayo madereva waliiita njia ya jehanamu. Mwaka 1968 likakamilika bomba la mafuta la TAZAMA, kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola. Kwa reli, Benki ya Dunia na wafadhili wa Magharibi walikataa kutoa fedha wakisema haitalipa. China ikakubali, kwa mkopo usio na riba. Ujenzi ulianza mwaka 1970, na mwaka 1976 TAZARA ikakabidhiwa rasmi: kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi.

Kwa wengi hadithi inaishia hapo kwa ushindi. Haikuishia hapo. Januari 1973 Smith alifunga mpaka. Alipotaka kuufungua wiki chache baadaye, Rais Kenneth Kaunda alikataa kuutumia tena. Zambia ikategemea njia ya magharibi, reli ya Benguela kwenda bandari ya Lobito nchini Angola, pamoja na njia ya Dar es Salaam. Mwaka 1975 vita ya Angola ikaua njia ya magharibi. TAZARA ilipoanza kazi, vichwa vya treni vilisumbua, bandari ikajaa, na mizigo ikarundikana. Oktoba 1978, msimu wa kupanda ukikaribia na mbolea haijafika mashambani, Kaunda alilazimika kuufungua tena mpaka wa kusini. Mwaka uliofuata makomandoo wa Rhodesia walilipua daraja la TAZARA kwenye mto Chambeshi.

Ninaisimulia kwa kirefu kwa sababu inaonyesha jambo ambalo taarifa za uzinduzi hazisemi kamwe. Zambia ilifanya kila kitu sawasawa: ilipata bomba, reli na washirika. Bado mvua moja ya kupandia ilitosha kuirudisha kwenye mlango wa adui. Ujenzi wa njia ya pili ni sehemu tu ya kazi. Kuitunza ili ibebe mzigo wakati wa dhiki ni kazi ngumu zaidi, na haina sherehe.

Mlango wa pili una faida hata usipopitwa

Nepal imekaa kati ya India na China, na kwa kawaida bidhaa zake hupita India, hasa bandari ya Kolkata. Septemba 2015, mara baada ya Nepal kutangaza katiba mpya ambayo India haikuifurahia, malori yaliacha kuvuka. India ilikana kuweka kizuizi, ikasema madereva wanahofia maandamano upande wa Nepal. Vyovyote ilivyokuwa, kwa miezi kadhaa, baridi ikiingia, nchi iliyokuwa imetikiswa na tetemeko kubwa la Aprili mwaka huohuo ilikosa mafuta, gesi ya kupikia na dawa. Njia za kaskazini kwenda China nazo zilikuwa zimebomolewa na tetemeko hilohilo.

Machi 2016 Nepal ikasaini mkataba wa kupitia China, na mwaka 2019 itifaki yake ikaipa ruhusa ya kutumia bandari nne za bahari, ikiwemo Tianjin, na bandari kavu tatu. Tatizo ni kwamba Tianjin iko zaidi ya kilomita 3,000, ng'ambo ya milima ya Himalaya. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na hadi leo sehemu kubwa ya biashara ya Nepal inapita India kama zamani.

Je, mkataba ule ulikuwa bure? Sidhani. Mwenye mlango mmoja anaomba, na mwenye milango miwili anapatana bei, hata kama wa pili ni mwembamba na una kutu. Thamani ya njia ya pili haipimwi kwa tani zinazopita humo tu. Hupimwa pia kwa adabu inayoiletea njia ya kwanza. Uganda ilipokorofishana na Kenya mwaka 2023 kuhusu nani aagize mafuta yake, na kampuni ya taifa ya mafuta ya Uganda ikanyimwa leseni ya kuyapitisha Kenya, ilikwenda Mahakama ya Afrika Mashariki na wakati huohuo ikageukia Tanzania kuulizia njia ya huko. Kufikia Julai 2024 mafuta ya kampuni hiyo yalikuwa yakipita Kenya kwa utaratibu mpya. Kesi peke yake ingechukua muda mrefu zaidi.

Njia mbili kwa jirani mmoja ni njia moja

Kazakhstan inauza nje takriban asilimia 80 ya mafuta yake kupitia bomba la CPC, linalokatiza Urusi hadi karibu na bandari ya Novorossiysk kwenye Bahari Nyeusi. Ina reli pia za kwenda Ulaya, nazo kwa miaka mingi zilipita Urusi. Ukizihesabu ni njia nyingi, lakini kwa macho ya hatari ni moja, kwa sababu mwenye geti ni yuleyule. Tangu Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, bomba hilo limesimama mara kadhaa kwa sababu mbalimbali, na Novemba 2025 droni za majini ziliharibu moja ya maboya yake ya kupakilia. Kazakhstan haina vita na yeyote, ila mafuta yake yanapita katikati ya vita ya wengine.

Ndipo unaposikia habari za Ushoroba wa Kati, unaovuka Kaspi bila kugusa Urusi. Utazame kwa karibu. Treni inatoka China kwenye reli yenye upana wa milimita 1,435. Mpakani mwa Kazakhstan reli ni milimita 1,520, urithi wa dola ya Urusi. Tofauti ni milimita 85, pungufu ya upana wa kiganja, lakini inatosha kuisimamisha treni nzima: kreni zinanyanyua makontena moja baada ya jingine na kuyashusha kwenye mabehewa mengine. Treni mpya inavuka nyika hadi bandari ya Aktau. Hapo makontena yanashushwa tena na kusubiri meli, na pepo za Kaspi zikivuma kwa nguvu, meli haitoki. Ng'ambo, Azerbaijan, yanarudi relini hadi Georgia. Huko ama yanapakiwa tena melini kwenye bandari ya Poti, ama yanaendelea Uturuki kwa reli iliyofunguliwa mwaka 2017, ambapo upana unabadilika kwa mara ya pili. Nchi nne au tano, forodha nne au tano, kupakua na kupakia mara tatu au nne.

Pamoja na yote hayo, mzigo umeongezeka: kutoka takriban tani milioni 1.5 mwaka 2022 hadi tani milioni 4.5 mwaka 2024. Ni mafanikio ya kweli. Lakini kina cha Kaspi kinapungua, na bandari zake zinalazimika kuchimbua matope ili meli zisikwame. Mtu anaweza kukwepa siasa za jirani akakutana na maji yanayokauka.

Bomba halijui kugeuka

Lori hugeuza usukani. Treni, ikiwa kuna reli nyingine, hubadilishiwa njia. Bomba linatoka pale lilipotoka na kufika pale lilipofika, basi. Kwa nchi inayouza bidhaa moja kupitia bomba moja, neno kutawanya linakosa maana.

Sudan Kusini ilipojitenga Julai 2011, ilibaki na visima vingi huku bomba na bandari vikibaki Sudan. Wakagombea ada ya kupitisha: Khartoum ilitaka zaidi ya dola 30 kwa pipa, Juba ilitoa chini ya dola 1. Januari 2012 Juba ikazima visima vyake yenyewe, na mafuta yalikuwa karibu mapato yote ya serikali. Uzalishaji haukurudi hadi Aprili 2013. Mwaka 2024 bomba likapasuka kwa sababu ya vita ndani ya Sudan, na safari hii hapakuwa na wa kujadiliana naye bei.

Mambo ambayo ramani haionyeshi

Kutafuta mlango mpya kunaweza kuzua ugomvi mpya. Ethiopia, baada ya kukosana na Eritrea katika vita ya mwaka 1998, iliacha bandari ya Assab na kuegemea Djibouti kwa zaidi ya asilimia 90 ya biashara yake ya nje. Januari 2024 ilisaini hati ya maelewano na Somaliland kuhusu kufika baharini, na Somalia, inayoihesabu Somaliland kuwa sehemu yake, ikachukulia hilo kuwa uvamizi wa mamlaka yake. Ulihitajika usuluhishi wa Uturuki, Ankara, Desemba 2024, kutuliza mambo.

Milango mingi nayo haisaidii kama hatari iko sebuleni. Mali ilipowekewa vikwazo na ECOWAS, jumuiya ya kiuchumi ya nchi za Afrika Magharibi, Januari 2022, ilipumua kupitia Mauritania na Guinea, ambazo hazikufunga mipaka. Ilikuwa kazi nzuri ya kutawanya njia. Lakini kuanzia Septemba 2025 wapiganaji wa JNIM, kundi lenye uhusiano na al-Qaeda, walishambulia malori ya mafuta yakiwa ndani ya Mali yenyewe, yale yanayotoka Senegal na yale yanayotoka Côte d'Ivoire, na mwishoni mwa Oktoba serikali ikafunga shule kwa uhaba wa mafuta.

Niger nayo inaonyesha kwamba mfungaji wa geti si jirani siku zote. ECOWAS iliondoa vikwazo Februari 2024, lakini Niger yenyewe iliendelea kufunga mpaka wake na Benin. Mizigo iliyokuwa ikipita bandari ya Cotonou, Benin, ilihamia Lomé, Togo, ikizunguka kupitia Burkina Faso chini ya ulinzi wa askari.

Na kuna wanaosema kukosa bahari ni hukumu ya umaskini, kisha wakasahau Uswisi. Uswisi ina mto Rhine, wenye utaratibu wa usafiri huru uliokubaliwa Mannheim mwaka 1868, na imezungukwa na majirani ambao hawafungi mipaka kwa hasira. Hata hivyo, ilipozingirwa wakati wa Vita Kuu ya Pili, Aprili 1941 iliamua kuanzisha bendera yake ya meli za baharini ili chakula chake kisitegemee meli za mataifa yaliyo vitani. Tofauti ya Uswisi na nyingine imeanzia kwa majirani.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni daraja la Kazungula juu ya mto Zambezi, lililofunguliwa Mei 2021 kati ya Botswana na Zambia. Nchi hizi mbili, zote hazina bahari, zinagusana kwa mpaka wa takriban mita 150 tu, miongoni mwa mifupi kabisa duniani. Daraja lina urefu wa mita 923 na limepinda, kwa sababu lingenyooka lingeingia eneo la Zimbabwe. Kabla yake malori yalivushwa kwa pantoni, moja moja, huku foleni ikilala siku kadhaa. Sasa mzigo wa kwenda bandari za kusini una njia ya pili isiyopita Zimbabwe.

Zambia leo

Septemba 2024, mjini Beijing, marais wa Zambia, Tanzania na China walishuhudia kusainiwa kwa makubaliano ya awali ya kuifufua TAZARA, reli iliyochakaa hadi ikawa inabeba sehemu ndogo tu ya uwezo wake. Miezi mitatu baadaye rais wa Marekani wa wakati huo, Joe Biden, alikuwa Lobito, upande wa pili wa bara, akiunga mkono reli ileile ya Benguela iliyokufa mwaka 1975, pamoja na mpango wa kuitolea tawi jipya hadi ndani ya Zambia. Mataifa mawili makubwa yanayoshindana yanavutana shaba ileile, moja kuelekea mashariki, jingine magharibi.

Wengi waliuliza Zambia iko upande gani. Imesaini na wote wawili. Ina kumbukumbu ya mapipa ya mafuta yaliyoletwa kwa ndege, na ya mwaka 1978. Wakati reli zote mbili zikisubiri mataruma na vichwa vipya vya treni, shaba nyingi ya nchi hiyo bado inatoka kwa malori: mengine yanaelekea Dar es Salaam, mengine Beira au Walvis Bay, na mengine yanakwenda Durban kwa njia ya kusini, ileile ambayo Kaunda aliikataa kwa miaka mitano na miezi kadhaa.